Sakawa, mzee wa vilimani aliyeuona mji wa Kisii kabla haujakuwako

Kwetu Pwani, mtu akisema anakwenda kiungani hueleweka mara moja. Kiunga ni upande ule wa nje ya mji wenye minazi na miembe, penye kivuli na hewa, ambapo mwenye nyumba hupata utulivu bila ya kutengana na soko wala msikiti. Viunga vyetu ni tambarare. Kule Kisii viunga vya mji vimepanda juu. Mji wenyewe umelala bondeni, na wenyeji wake wengi wanakaa vilimani, Nyanchwa upande huu, Nyakoe upande wa barabara iendayo Kisumu, na huko nyuma safu ya Manga imesimama kama ukuta kati ya Kisii na Nyamira. Asubuhi ukungu hufunika bonde, na mtu wa juu huamka akaona miti na mapaa tu. Mji huusikia kabla ya kuuona.

Katika vilima hivyo aliishi mtu ambaye Abagusii hawajamsahau mpaka leo. Jina lake ni Sakawa. Alizaliwa katika miaka ya 1840 katika nchi ya Kitutu, na makao yake yalikuwa Nyakoe, maili chache tu kutoka mahali ulipo mji. Lakini alipokuwa hai mji haukuwako. Palikuwa na bonde lililoitwa Getembe, lenye majani na vichaka. Sakawa ndiye anayesimuliwa kuwa alilitazama bonde lile tupu akawaambia watu kwamba hapo patajengwa mji, na kwamba watakaoujenga ni wageni wenye ngozi isiyokuwa kama yao.

MTU WA NYAKOE

Ili tumfahamu Sakawa, yatubidi kwanza tufahamu kwa nini Abagusii walikaa vilimani. Wazee wao husimulia safari ndefu. Walipita nchi tambarare ya Kano iliyo karibu na Ziwa, wakapanda hadi Kabianga, na huko Kabianga mambo yakawaharibikia. Baridi iliwaua ng'ombe, mimea ikakataa, na majirani wenye mikuki wakawaandama. Waliosalia wakageuka, na wengi wao wakajikusanya katika vilima vya Manga na vilima vilivyo jirani. Kwa hiyo msitu na mlima kwao havikuwa pambo la kuburudisha macho. Vilikuwa ngome. Mtu aliyekaa juu alimwona adui akiwa angali mbali, na aliyemfahamu mwenye mwitu alijua pa kuficha watoto na ng'ombe.

Sakawa alikua katika maisha hayo. Vijana waliishi katika makambi ya ng'ombe yaitwayo ebisarate, wakilinda mifugo usiku na mchana. Vita vya kuibiana ng'ombe na Wakipsigis vilikuwa jambo la kila mwaka, na karibu na mwaka 1892 palipiganwa vita vikubwa vya Saosao katika bonde la mto Kuja, ambapo Wakipsigis walipata pigo lililowanyamazisha kwa muda mrefu. Katika miaka hiyo hiyo tauni ya ng'ombe ilienea Afrika Mashariki nzima na kuyafagia mazizi. Utajiri wa mtu ulitoweka katika mwezi mmoja.

Abagusii walikuwa na waaguzi wao, waitwao abaragori, waliotafuta chanzo cha ugonjwa au cha ukame na kueleza kafara gani itolewe. Aghalabu kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Sakawa hakuwa mwaguzi wa namna hiyo. Yeye hakungojea mtu aje na maradhi yake. Aliwaita watu akawazungumzia habari za kabila zima na za siku zisizofika bado. Ndiyo sababu wasimulizi humpa cheo cha mtabiri mkubwa, na wako wamwitao nabii.

VIJITI VYA GETEMBE

Habari mashuhuri kupita zote ni ile ya Getembe. Inasimuliwa kwamba Sakawa aliwashusha watu kutoka vilimani hadi bondeni, akatembea nao huku akiwaonyesha ardhi kipande kwa kipande. Hapa patakuwa na nyumba ya kutibia wagonjwa. Hapa watakaa askari. Hapa patakuwa na nyumba ya kufungia watu, na hapa patakuwa na baraza la kuamulia mashauri. Wengine husema alichora alama ardhini, na wengine husema alisimika vijiti. Waliomfuata waliona bonde tupu, na bila shaka walikuwako waliocheka.

Aliwaambia pia kwamba mashujaa watanyang'anywa silaha zao. Neno hili nadhani ndilo lililowachoma zaidi. Hospitali na gereza vilikuwa vitu wasivyovijua, lakini mkuki na ngao walivijua. Kijana wa ebisarate kuambiwa kuwa siku moja atatembea mikono mitupu ni sawa na baharia wetu kuambiwa kuwa bahari itakauka.

Sasa msomaji ataniuliza: je, wewe uliyelelewa chuoni kwa ubao na juzuu, waamini kwamba mtu wa Nyakoe aliyajua ya ghaibu? Jibu langu ni kwamba ya ghaibu ayajuaye ni Mwenyezi Mungu peke yake, na hilo sina haja ya kulirudia mara mbili. Hata hivyo, wanazuoni wetu hawakukana kwamba Mungu huwapa baadhi ya waja wake firasa, yaani jicho la kusoma dalili ambazo wengine wanazikanyaga bila ya kuziona.

Tuzitazame dalili zilizokuwa mbele ya Sakawa. Kileleni pa Manga, siku isiyokuwa na mawingu, mtu huliona Ziwa. Kando ya Ziwa hilo na kaskazini yake, misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Pwani ilikwishapita miaka mingi ikitafuta pembe, na Mumias ilikuwa kituo chao mashuhuri. Nyuma ya misafara wakaja Waingereza na bendera yao. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingoni mwa Ziwa, mahali tunapopaita Kisumu, mwezi wa Desemba mwaka 1901. Majirani wa Abagusii upande wa bondeni, Wajaluo, waliyaona hayo yote kwa macho yao, na kati ya majirani hao na watu wa vilimani palikuwa na masoko, palikuwa na kuoana, palikuwa na vita, na kwa hiyo palikuwa na habari.

Basi mtu mwenye akili aliyekaa Nyakoe, kwenye njia iteremkayo Ziwani, hakuwa mbali na mambo. Habari zilimfikia vipande vipande: bunduki, askari waliovaa sare, nyumba za kufungia watu. Wengine walizisikia habari hizo kama hadithi za nchi nyingine. Sakawa alizisikia kama habari za wageni walioko njiani. Hilo halimpunguzii hadhi hata chembe. Wangapi miongoni mwetu tunasikia hodi mlangoni kwa jirani, tukadhani kwetu haitabishwa?

SAUTI MBILI

Wazungu walikuja kama alivyosema, na wakaja kwa moto. Mwezi wa Septemba mwaka 1905 Serikali ilipeleka jeshi la King's African Rifles pamoja na polisi ili kuwatiisha Abagusii, kwa sababu ya mashambulizi yao juu ya majirani waliokwisha kuwa chini ya bendera ya Waingereza. Mashujaa waliukabili mzinga wa rashasha kwa mikuki. Walikufa kwa mamia, na ng'ombe wao wakaswagwa kwa maelfu.

Mwaka 1907 Serikali ikafungua kituo chake. Kilifunguliwa Getembe. Aliyetumwa kukisimamia ni G. A. S. Northcote, ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti. Watu waliokuwa wamecheka hawakucheka tena. Mji ule wakauita Bosongo, yaani kwa Wazungu, na jina hilo halijafutika katika vinywa vya wenyeji.

Hapo ndipo ziliposikika sauti mbili kutoka katika vilima vile vile. Sauti moja ilikuwa ya Sakawa, ingawa mwenyewe alikuwa hayuko tena. Maneno yake yalibaki na watu, kwamba silaha zitakwenda na wageni watatawala. Sauti ya pili ilikuwa ya mwanamke wa Kitutu, Moraa wa Ng'iti, mwaguzi aliyeheshimiwa. Yeye aliwashutumu wanaume kwa kukaa kimya hali ng'ombe wanachukuliwa na nchi inakaliwa. Kijana wa jamaa yake, Otenyo, aliyasikia. Mwezi wa Januari mwaka 1908 alimvizia Northcote akamchoma mkuki mgongoni.

Northcote hakufa. Alipona, akaendelea na kazi ya ukoloni mpaka akawa Gavana wa Hong Kong mwaka 1937. Otenyo alikamatwa akauawa. Na juu ya vilima likapita jeshi la pili, likachoma nyumba na mashamba, na watu zaidi ya 200 wakauawa. Mauaji yalizidi kiasi hata Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa Naibu wa Waziri wa Makoloni huko London, akayalalamikia kwa maandishi. Malalamiko hayakumfufua mtu.

Mimi simlaumu Moraa. Mama anayeona wanawe wanadhulumiwa ana haki ya kupiga ukelele, na heshima ya Otenyo katika nchi ile ni heshima ya kweli. Lakini naona kwamba Sakawa amedhulumiwa na wale wanaomtaja kama mzee aliyekubali kushindwa mapema. Mtu anayewaambia watu wake kwamba mvua inakuja hawi rafiki wa mvua. Anawapa nafasi ya kuezeka. Lililokosekana ni wa kuezeka. Watu walishangaa, kisha wakatawanyika. Huo ndio msiba wa watabiri wengi. Maneno yao huhifadhiwa kama ajabu, hayafuatwi kama ushauri.

ALIKWENDA WAPI?

Sakawa alitoweka mwaka 1902, miaka mitano kabla ya kituo cha Getembe kufunguliwa. Nasema alitoweka kwa sababu ndivyo ilivyosimuliwa. Wafuasi wake hawakukubali kwamba amekufa. Walisema ameondoka na atarudi. Mtu ambaye hana kaburi linalozuriwa, kila kizazi humzika kwa namna yake, na kila kizazi humfufua kwa haja zake.

Mwaka 1913, katika nchi ya Alego, Mjaluo mmoja jina lake Onyango Dunde alitangaza kwamba joka kubwa la Ziwani liitwalo Mumbo lilimmeza na kumtema, likamtuma awaambie watu kwamba Wazungu wataondoka. Wafuasi wake waliacha nywele zikue na wakavaa ngozi, na wako walioacha kulima, kwani Mumbo aliahidi kuwalisha. Dini hiyo ikapanda vilimani kwa Abagusii, na ilipofika huko ilikuta jina la Sakawa likiwa tayari. Watu wa Mumbo wakalishika. Ikawa anayengojewa sasa si joka tu, ni Sakawa pia, atakayerudi awafukuze wageni. Mjane wake, Bonairiri, hutajwa miongoni mwa walioshika imani hiyo.

MWAKA ULIOWADANGANYA WATU

Hapa sisi watu wa Pwani tunaingia katika hadithi kwa mlango wa pili. Mwaka huo huo wa 1913 Serikali ilimkamata Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama aliyewaapisha watu wake kwamba hawatatoa vijana wao wala kodi, pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola. Ilitaka kuwaweka mbali na makaya yao, na makaya ya Mijikenda, kama tujuavyo, nayo ni vilima vyenye misitu vilivyo nyuma ya miji yetu. Basi wakapelekwa Kisii. Gereza ambalo Sakawa anasimuliwa kulionyesha likiwa bado ni majani lilimpokea mfungwa kutoka upande wa pili wa nchi. Mwaka 1914 Mekatilili na Wanje walitoroka, wakarudi kwao kwa safari ya mamia ya maili. Nafikiri mwitu wa vilima vile haukuwa mgeni kwao.

Mwaka huo huo Vita Kuu ikazuka Ulaya, na mwezi wa Septemba Wajerumani wakavuka mpaka kutoka nchi ya Tanganyika. Waingereza waliuacha mji wa Kisii. Kwa muda wa siku chache bendera yao haikuwako. Hebu tujiweke mahali pa mtu wa Nyakoe asimamaye juu akitazama bondeni. Aliambiwa watakuja, wakaja. Aliambiwa wataondoka, na leo anawaona kwa macho yake wanaondoka. Nani angemzuia asishuke? Watu wakashuka kwa wingi, wakaingia katika ofisi na maduka, wakapora, na misheni za karibu hazikusalimika, ile ya Wakatoliki ya Nyabururu na ile ya Waadventista ya Nyanchwa.

Tarehe 12 Septemba Waingereza na Wajerumani walipigana Kisii, Wajerumani wakarudi nyuma, na bendera ile ile ikapandishwa tena. Adhabu ilikuwa kali. Ng'ombe wakachukuliwa kwa wingi, na vijana wakapelekwa kubeba mizigo ya vita katika ile kazi iliyotuachia jina la Kariakoo. Wengi hawakurudi. Ebisarate nazo zilikuwa zimekwisha kuvunjwa na Serikali, kwa hiyo hata mahali pa kuwalea mashujaa hapakuwako tena. Neno la Sakawa juu ya mikuki likatimia lote.

Imani ya kurudi kwake haikufa kwa adhabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 watu walikusanyika wakimtazamia, na Serikali ikawahamisha viongozi wao mbali. Hata mwaka 1954, siku za Mau Mau, dini ya Mumbo ilikuwa katika orodha ya zile zilizopigwa marufuku. Wazungu waliondoka katika utawala mwaka 1963. Sakawa hakuonekana.

VIUNGA VYA LEO

Leo ukipita Getembe utaiona hospitali, iliyoanza mwaka 1916 katika siku za vita na ambayo sasa ni hospitali kuu ya rufaa ya sehemu ile. Utaviona kituo cha polisi, mahakama na gereza. Utausikia mwadhini pia, kwani askari wa Kinubi na wafanyabiashara wa Kiswahili walifika mapema pamoja na utawala, wakaacha kizazi. Wenyeji watakuonyesha mambo hayo moja moja na kukwambia kwamba mzee aliyasema. Wanasema kwa fahari, na fahari hiyo wanastahili.

Lakini mimi nikisimama katika viunga vile vya vilimani najiuliza swali jingine. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Katika Kisii ni zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Baba aliyerithi shamba la kutosha anawagawia wanawe vipande, na wanawe wanawagawia wajukuu vichochoro. Msitu uliowaficha wazee umekwisha. Miti tuionayo kwa wingi ni mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya nguzo na kuni, na mkaratusi hunywa maji bila ya kushukuru. Nyumba za ghorofa zinapanda mteremko ambao zamani mbuzi aliupanda kwa tahadhari, na mvua za kule, ambazo ni nyingi kuliko zetu, zinateremsha udongo mwekundu hadi mitoni.

Mtu wa mjini hupanda kilimani kutafuta hewa na miti. Wanapokuwa wengi, kila mmoja hukata mti mmoja ili apate pa kusimamisha nyumba, na mwishowe wote wanaikosa ile miti iliyowaleta. Jambo hili halihitaji mtabiri. Nimeliona Nyali na Likoni kabla ya kuliona Nyakoe.

Kwa hiyo anayemngojea Sakawa arudi atungojee na sisi kidogo tuulize: akirudi atatuonyesha nini? Bondeni kila alipoonyesha pamekwisha kujengwa. Pengine safari hii angegeuka akatazama juu, akasimika vijiti vyake mlimani, hapa chemchemi itakauka, hapa ardhi itaporomoka, hapa ndugu wawili watagombania hatua tatu za shamba. Na watu wangesikiliza kwa mshangao kama walivyosikiliza babu zao, kisha wangerudi nyumbani kwao.

Babu zao walikuwa na udhuru, kwani walionyeshwa vitu wasivyopata kuviona. Sisi tunaonyeshwa vitu tunavyovipita kila siku tukienda sokoni. Heshima kubwa tuwezayo kumpa mzee wa Nyakoe ni kuacha kuulizana kama aliyaona kweli, na kuanza kuyatazama yale yaliyo mbele yetu kabla hayajabisha hodi.